"Kama Kawa" Si Hotuba ya Ushindi

Wasee, leo tuongee kuhusu wimbo mmoja ambao karibu kila mtu ameusikia na wachache sana wanajua kwao ni wapi. Nikisema "My Way" unaona nini kichwani? Frank Sinatra na suti yake. Mzee anastaafu, watu wamesimama, keki iko mezani. Ama ni mazishi ya mtu mkubwa, na jamaa wa kibodi anaubonyeza polepole jeneza likipita.

Sasa shika hii. Huo muziki si wa Marekani. Ni wa Ufaransa. Jina lake la kuzaliwa ni "Comme d'habitude", ulitoka mwaka wa 1967, na maana ya hilo jina ni "kama kawaida". Kwa lugha ya mtaa: kama kawa.

Hebu fikiria hapo kidogo. Wimbo ambao dunia inautumia kujipongeza kwa maisha yote, kwao unaitwa Kama Kawa. Hizo ni story mbili tofauti kabisa, na zinatumia melodi moja.

Mimi hupangia vikundi vidogo vya saksafoni, watu wanne, wakati mwingine watano. Na kuna jambo ambalo nimebishana na watu kulihusu hadi nimechoka, kwa hivyo wacha niliweke hapa lote mara moja. Ukiandika "Comme d'habitude" juu ya karatasi ya noti, panga "Comme d'habitude". Usituletee "My Way" iliyovaa jina la Kifaransa. Mipangilio mingi ninayosikia iko hivyo: nje Paris, ndani Las Vegas. Mpiga solo anasimama mbele, anapandisha mabega, wale wengine watatu nyuma wanashikilia noti ndefu kama walinzi wa geti, na mwisho ni kelele na makofi. Ni poa kwa masikio. Lakini story imeuawa, na hakuna hata mmoja ameuliza ilikufa saa ngapi.

Tuanze na story yenyewe basi. Melodi ni ya Jacques Revaux. Mwanzoni ilikuwa na maneno ya Kiingereza na iliitwa "For Me". Claude François, ambaye wakati huo alikuwa nyota mkubwa sana wa pop huko Ufaransa, akaichukua, akaifanyia kazi, na maneno ya Kifaransa akayaandika pamoja na Gilles Thibaut. Huyu Claude François alizaliwa Ismailia, Misri, mwaka wa 1939, kwa hivyo hata bara letu limeguswa hapo. Na alikuwa ametoka kuachana na mwimbaji France Gall, yule aliyeshinda Eurovision 1965. Hayo maumivu yako ndani ya wimbo.

Wimbo unasema nini? Jamaa anaamka asubuhi, mwenzake bado amelala. Anamfunika shuka. Anavaa, anatoka chumbani kimyakimya, anakunywa kahawa peke yake, anachelewa kazini. Mchana kutwa anaigiza: anacheka, anatabasamu, anaonekana ako sawa. Usiku anarudi kwa kitanda kikubwa chenye baridi. Na kesho? Kama kawa. Hakuna anayepiga kelele, hakuna sahani inayorushwa ukutani. Ni watu wawili wanaoishi nyumba moja na mapenzi yameisha, lakini ratiba haijaisha.

Halafu Paul Anka, mwimbaji kutoka Kanada, akausikia akiwa Ufaransa. Akapata haki za kuutumia, akaandika maneno mapya kabisa ya Kiingereza kwa ajili ya Sinatra. Sikiza vizuri: hakutafsiri. Alitupa ile nyumba yenye baridi akajenga nyingine. Sinatra akarekodi tarehe 30 Desemba 1968, na mwaka wa 1969 ulimwengu ukapata wimbo wa kustaafia. Kabla yake, David Bowie alikuwa amejaribu kuandika maneno yake ya Kiingereza kwa melodi hiyohiyo, yakakataliwa. Baadaye akatunga "Life on Mars?", iliyotoka 1971, akiwa bado na kinyongo na huo wimbo. Yaani melodi hii imezaa ugomvi tangu zamani. Mimi naongeza wangu tu.

Sasa mtu ataniuliza: kama maneno hayapo, tofauti iko wapi? Saksafoni haiongei Kifaransa wala Kiingereza. Noti ni noti.

Hapana buda. Hapo ndipo kazi ya mpangaji inaanzia. Ukiwa na mwimbaji, maneno yanabeba story na wewe unaweka tu mandhari nyuma. Ukiwa na saksafoni nne, hakuna maneno ya kukuokoa. Nani anaanza, anaanza kwa sauti gani, nani ananyamaza, wimbo unaishaje: hayo maamuzi ndiyo maneno. Mpangaji akiamua bila kufikiria, atasema kitu tu, na mara nyingi atasema kile ambacho masikio yake yamezoea. Masikio yetu yamezoea Sinatra.

Kwa hivyo, "kama kawa" iko wapi ndani ya muziki wenyewe? Haiko kwenye melodi. Iko chini.

Fungua app ya piano kwenye simu yako. Mkono wa kulia ushike C, E na G, zikae hapohapo. Mkono wa kushoto upige C, halafu B, halafu B flati, halafu A. Ukifika A, sogeza ile C ya mkono wa kulia nusu hatua juu. Umeskia? Wimbo umeshatokea na hujapiga melodi hata kidogo. Mlioimba kwaya shuleni mtaelewa haraka: ni do, ti, ta, la. Hatua ndogondogo za kushuka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani asiamshe watu. Melodi juu inaruka kutoka so ya chini hadi mi, inajaribu kupumua, lakini chini yake zile ngazi zinashuka tu, kisha kordi inahama na kushuka kunaanza tena. Hiyo ndiyo ratiba. Hiyo ndiyo kahawa ya peke yako.

Sasa angalia venye mipangilio mingi inaichukulia hiyo sehemu. Inapewa baritoni, sawa, lakini imefunikwa na kordi nene hadi huisikii. Ama imeachwa kabisa, na baritoni anapiga tu "pum, pum" kwa noti ya kwanza ya kila kordi. Kwangu mimi hiyo ni kama kusimulia filamu na kumtoa mhusika mkuu.

Hivi ndivyo mimi ningeipanga, na naomba mnikosoe kwa hoja, si kwa hisia.

Chukua zile nne za kawaida: soprano, alto, tena, baritoni. Hii familia ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji aliyepata hataza yake Paris mwaka wa 1846, na uzuri wake ni kwamba vidole ni vilevile kwa zote. Ukijua alto, unajua mahali vidole vinakaa kwenye baritoni. Tofauti ni sauti inayotoka: soprano na tena ni za B flati, alto na baritoni ni za E flati. Kwa hivyo wimbo ukiwa B flati kwa piano, soprano na tena wanasoma C, bila shapu wala flati yoyote, na alto na baritoni wanasoma G, shapu moja tu. Hata mtu wa mwaka wa kwanza hatatokwa na jasho kusoma. Kama hamna soprano, na vikundi vingi vya hapa havina, weka alto mbili. Maisha yanaendelea.

Nachagua B flati kwa sababu nyingine pia. Zile ngazi za baritoni kwenye karatasi zinakuwa G, F shapu, F, E. Ziko mahali pazuri, si chini kabisa. Wenye mmepiga saksafoni mnajua zile noti za mwisho chini: ukijaribu kuzipiga polepole, ama hazitoki ama zinatoka kama honi ya matatu Ngara. Na huu wimbo unahitaji upole. Mtu anatoka chumbani bila kuamsha mwenzake, haiwezekani baritoni iamshe mtaa mzima.

Kwa hivyo baritoni anaanza peke yake. Noti nne. Anarudia. Hakuna utangulizi wa mbwembwe. Msikilizaji akae na hizo noti nne hadi aanze kuuliza "sasa?"

Alto anaingia na mdundo mdogo, noti fupifupi za katikati, zilezile, zisizobadilika. Huo mdundo haufai kuwa na shimo hata moja, na hapo ndipo watu husahau kwamba saksafoni inapigwa na mapafu. Mtu lazima apumue. Basi mpangaji aandike kwenye karatasi wapi alto anapumua na nani anamshikia. Alto akivuta pumzi, soprano anaokota noti mbili, anarudisha, ananyamaza tena. Usiwaachie wajipange wenyewe siku ya shoo. Kawaida haina likizo, hata mtu akikosa hewa.

Melodi nampa tena. Si soprano. Najua mkono unakuwasha uipe soprano kwa sababu iko juu na inang'aa, lakini tena ndiyo inakaa karibu na sauti ya mwanaume anayeongea. Apige bila mtetemo wa sauti, noti kavu. Walimu wa saksafoni wa Ufaransa, hasa Marcel Mule aliyefundisha Conservatoire ya Paris kuanzia 1942, walijulikana sana kwa ule mtetemo mtamu, na ni mzuri kweli. Lakini hapa uwekwe akiba. Mtu anayevaa viatu saa kumi na mbili asubuhi hatetemeshi sauti.

Beti la pili, melodi inahamia kwa alto, na tena anachukua ule mdundo. Sasa skiza, hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Hakuna aliyepandishwa cheo. Wamebadilishana zamu tu, kama watu wanaoosha vyombo leo wewe kesho mimi. Baritoni habadilishi kitu. Anashuka ngazi zake.

Wimbo unapopanda kuelekea kilele, wote wanne wanaongeza sauti. Hapo soprano anaingia kwa nguvu zake na ule mtetemo tuliouweka akiba unatolewa. Lakini usipandishe ufunguo. Mnajua ule ujanja: kabla ya beti la mwisho wimbo unaruka nusu hatua juu, watu wanapata nywele kusimama, makofi yanaanza mapema. Nimeambiwa mara ngapi "weka hapo ufunguo upande, itabamba". Itabamba, ndiyo. Lakini kupandisha ufunguo kunamwambia msikilizaji kwamba maisha yamebadilika. Na huu wimbo unasema kesho itakuwa kama leo. Huwezi kusema yote mawili.

Mwisho: sauti zote zinaondoka moja moja, soprano kwanza, halafu alto, halafu tena. Anabaki baritoni na noti zake nne. Anapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Anaacha hapo, kwenye la, bila kurudi do. Bila kufika nyumbani. Kimya.

Najua pingamizi, nimeshazisikia zote.

La kwanza: "Hata Claude François mwenyewe anapaza sauti kuelekea mwisho, okestra inajaa." Kweli kabisa. Ndiyo maana nimeacha kilele mahali pake. Lakini mtu anayeigiza furaha mchana kutwa pia hupaza sauti. Kuna kupaza kwa aliyeshinda, na kuna kupaza kwa anayezidiwa. Tofauti yake iko kwenye kile kinachofuata. Ukipaza halafu ukamaliza kwa kordi kubwa ya ushindi, ni Sinatra. Ukipaza halafu ukarudi kwenye zile noti nne, ni kama kawa.

La pili: "Watu hawatapiga makofi." Watapiga. Watachelewa sekunde tatu. Mimi hizo sekunde tatu nazithamini kuliko makofi ya dakika nzima, kwa sababu ndani yake mtu anafikiria.

La tatu, na hili ni la haki: "Kwani Sinatra ana makosa gani?" Hana. Nina Simone alichukua "My Way" mwaka wa 1971 akaiwekea ngoma za kukimbia, ikawa kitu kingine kabisa. Sid Vicious akaichana makusudi mwaka wa 1978. Wote walijua walichokuwa wanafanya. Ukitaka kupanga "My Way" kwa saksafoni, panga, andika "My Way", pandisha ufunguo mpaka paa litoke. Ninachopinga ni kupanga bila kuchagua.

Lakini kuna sababu nyingine inayonifanya nikomae na hili jambo, na haina uhusiano na Paris.

Vikundi vyetu vinapoteza watu. Na si wapiga solo wanaoondoka. Ni wale wa sauti ya tatu na ya nne, ambao kila wiki wanabeba chombo kizito kwa matatu mbili ili waje kushikilia noti moja ndefu mtu mwingine aonekane. Baritoni si mzigo mdogo jamani, muulize yeyote aliyewahi kuingia nayo kwa matatu saa za jioni. Halafu unampa karatasi ambayo ukiitoa, hakuna atakayejua haikuwepo. Akiacha kuja, tunasema hana nidhamu. Kwa mpangilio huu, baritoni akikosa kuja, hakuna wimbo. Story yote imelala kwa yule ambaye kawaida hatumwoni. Na hiyo si zawadi ya huruma kutoka kwangu. Wimbo ndivyo ulivyoandikwa. Mimi nimeacha tu kumficha.

Na msikilizaji je? Tumelelewa na muziki na video za kutuambia kila story lazima iishe kwa ushindi. Ulianguka, ukainuka, ukatoboa, caption, mwisho. Lakini kwenye viti vile kuna mtu ambaye nyumbani kwao wazazi hawajaongea vizuri tangu akiwa darasa la sita, na kila asubuhi chai inapikwa kama kawa. Kuna mtu ambaye leo amecheka siku nzima darasani na hakuna aliyejua. Huyo mtu ana nyimbo elfu za kumwambia atashinda. Wimbo wa kumwambia "nimeona venye unaishi" ni nadra. Huu ni mmoja wao, na tumekuwa tukimpigia toleo lisilo lake.

Kitu cha mwisho, na hiki msikipuuze. Wimbo bado una wenyewe. Claude François alifariki 1978, Gilles Thibaut 2000, na sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi hadi miaka 50 baada ya mwaka mtunzi alipofariki. Ukihesabu kwa Thibaut peke yake, unafika mwisho wa 2050. Na kupanga upya ni haki ya mwenye kazi, hata ukiondoa maneno yote. Kwa hivyo kabla hujauza karatasi zako ama kuweka video, tafuta ruhusa ya wachapishaji wa wimbo, na majina ya Revaux, François na Thibaut yaandikwe juu, yasomeke. Sisi tunalia kila siku watu wakiiba kazi zetu. Tusianze tabia hiyo kwa kazi za wengine.

Kama una kikundi, jaribu jambo moja wiki hii kabla hujabishana na mimi. Mpe baritoni zile noti nne, mwambie apige peke yake, polepole, mara nane. Wengine wanyamaze kabisa, simu chini. Kisha uliza kila mmoja amefikiria nini. Kama kuna hata mmoja atakayesema "ushindi", nitapandisha ufunguo mimi mwenyewe.